Joto la Nyasi za Beberu

Inasimuliwa, ingawa msimuliaji hakuapa, kwamba mbuzi beberu aliwakaushia sungura wa bandani nyasi za kula msimu wa mvua. Walikubaliana kwamba zikithibitika kuwa kavu, atapewa matembele yao yote.

"Zimekauka, Bi Sungura," alisema Beberu akitikisa ndevu. "Nilizianika mwenyewe."

"Ulizigeuza?" aliuliza Bi Sungura, ambaye hakuwahi kuamini hata kivuli chake. "Nyasi zikibaki mbichi ndani huvunda, na wanangu wakila uvundo watakufa."

"Mzazi gani huyu asiyeheshimu ndevu?" Beberu alicheka. "Muulize Kuku, ametaga humo."

Kuku, ambaye hakujua kunyamaza, alitoa ushahidi kwa furaha. "Nyasi njema hizo, shoga yangu. Zina joto mpaka nimeacha kuatamia. Mimi natembea zangu, mayai yanajiatamia."

"Joto hilo limetoka wapi, na jua hatujaliona tangu mvua zianze?"

"Limetoka kwangu," Beberu alidakia. "Ni kazi ya kwato zangu, na asitokee mtu akadai vinginevyo."

"Nyasi kavu hupoa," alisema Bi Sungura. "Zinazotoa joto zinaoza. Matembele yanabaki kwetu."

Beberu alikuwa bado anakata rufaa mayai yalipoanguliwa. Vifaranga walijipanga nyuma yake wakimwita mama, naye hakuweza kuwakana, kwa kuwa alikwisha kukiri mbele ya mashahidi kwamba joto lile lilikuwa lake.