Wasifu wa Dishon Ogola

Selpha alichomoa karatasi kwenye taipureta, akaikunjakunja na kuitupa chini pamoja na nyingine tano. "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Ebo! Ni maiti gani iliyowahi kuzikwa Kisumu bila kuitwa mtu wa watu?

Kazi yake pale Kondele ilikuwa kupiga chapa programu za mazishi. Wafiwa walileta wasifu wa marehemu ukiwa tayari umeandikwa, naye akaupiga chapa, basi. Kutunga hakuthubutu. Alithubutu mara moja tu, mwaka wa themanini na sita, alipokufa mjomba wake kule Katito. Wasifu ulipokuwa ukisomwa, watu waligeuza shingo kutazama masufuria ya chakula. Hata mjane hakutoa chozi. Tangu siku hiyo, Selpha akitaka kuandika neno lake mwenyewe, mkono ulikufa ganzi.

Sasa Jumatatu hiyo aliingia bwana mmoja mrefu, mwenye sauti ya upole, akajitaja kuwa Gordon. Mdogo wake, Dishon Ogola, fundi wa redio, alikuwa amekufa maji. Hakuacha mke wala mtoto. Kwa mama yao walizaliwa wawili tu.

"Pole sana, Bwana," Selpha alisema. "Mwili umepatikana?"

"Bado. Ziwa halijamrudisha."

"Tarehe ya kufa niandike ipi?"

"Acha wazi, nitajaza mwenyewe. Wewe nitungie maisha yake, Mama. Nataka watu walie mpaka wasahau kuuliza maswali."

Alipotoka, Zeituni, fundi cherehani waliyegawana naye kibanda, aliacha kushona. "Selpha, mtu akizama, ndugu zake hushinda ufukweni wakimngoja. Huyu anahangaikia makaratasi! Mrudishie kazi yake."

Selpha alitamani kuirudisha, lakini kilichomtisha yeye kilikuwa kitu kingine. Aliyaona masufuria ya Katito.

Kila siku Gordon alikuja, akaketi nyuma yake karibu mno, mpaka pumzi zake zikamgusa shingoni. Alimsimulia Dishon kidogo kidogo: alivyoimba akifanya kazi, alivyocheka, na jinsi mama yao, kabla hajafa, alivyomwandikisha Dishon shamba lote. Hilo la shamba alilisema bila kupepesa macho.

"Hilo usiandike," aliongeza.

Vidole vya Selpha vikakataa kabisa kuandika. Huyu mtu ana jambo, aliwaza. Amemfanyia nini ndugu yake? Halafu akajikemea: mwoga hakosi kisingizio.

Alhamisi alimuuliza swali moja tu. "Redio ikipona, Dishon alifanya nini?"

Gordon alifikiri. "Aliizima. Alisema mwenye redio ndiye anastahili kuiwasha kwanza."

Basi hapo mkono ukaamka. Selpha aliandika mpaka chai ikapoa, mpaka wateja wawili wakaondoka wakilalamika. Alimwandika mtu huyo mmoja aliyeketi na bisibisi yake, akijinyima furaha ndogo ili mwingine aipate. Alipomsomea Zeituni, Zeituni alijifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

"Wewe mwanamke," Zeituni alisema, "ulikuwa umeficha wapi haya yote?"

Selpha alicheka na kulia kwa pamoja. Miaka mingi hakuwa amefurahi hivyo.

Gordon alikuwa ameagiza kwamba atazifuata karatasi mwenyewe wiki ijayo. "Nyumbani usilete. Kumejaa watu." Lakini Ijumaa mchana Selpha hakuweza kutulia. Kumfurahisha Zeituni ni rahisi, aliwaza. Wafiwa wenyewe je? Alitaka kusimama mbele yao na kuwasomea kwa mdomo wake, awaone nyuso. Akiogopa leo, ataogopa mpaka siku atakayosomewa wasifu wake mwenyewe. Namba ya nyumba ya marehemu ilikuwa kwenye maelezo aliyopewa. Akazitia karatasi kwenye bahasha, akashika njia ya Kaloleni.

Mbele ya nyumba hakukuwa na viti, wala moto, wala akina mama waliofunga leso viunoni. Alidhani amepotea, akatazama namba tena. Ilikuwa yenyewe. Akapiga hodi.

Kijana mmoja alifungua, shati limelowa maji ya kufulia, uso wote tabasamu. "Karibu, Mama."

"Namtafuta Bwana Gordon. Nimemletea karatasi zake."

"Ameenda Dunga kukodi mtumbwi. Kesho ananipeleka tukavue, ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia ziwani!" Akaupangusa mkono kwenye suruali, akaunyoosha kupokea bahasha. "Nipe tu, nitamfikishia. Mimi ni mdogo wake, Dishon."