Kitufe cha Shimo Namba Nne

"Hiyo sitaki," Puseletso alisema, akairudisha bodi ya umeme mezani. "Matundu yake yameshaunganishwa. Nipe ile ambayo kila tundu liko peke yake."

Mzee Moeketsi, fundi wa redio na simu, alimtazama juu ya miwani. "Dada, kazi yako ni kitufe kimoja na taa moja. Ukibonyeza inawaka, ukiachia inazima. Kwa hii unamaliza kabla chai haijapoa. Kwa ile unayoitaka utalehemu mpaka macho yakutoke."

"Acha yanitoke. Nataka umeme upite ninapoupeleka mimi."

Mzee akacheka, akamfungia bodi yake, ile ya kupandishwa juu ya kompyuta ndogo za kufundishia, zenye ukubwa wa kiganja. Akaongeza waya wa lehemu, pini, taa nyekundu na kisaa cha betri, maana nacho alikitaka.

"Saa ya nini tena?"

"Nijue wamebonyeza saa ngapi."

Hapo mzee aliacha kucheka. Mjini hapakuwa na mtu asiyejua habari za Shimo Namba Nne. Wanaume kumi na wawili waliingia kuchimba dhahabu katika mgodi uliofungwa zamani, na Motlatsi, mume wa Puseletso, alikuwa mmoja wao. Walinzi wakakata kamba, eti njaa iwatoe. Watoke wapi, jamani, na kamba zimekatwa? Sasa wenye mgodi walikuwa wametangaza kwamba ikifika Ijumaa saa sita mchana bila dalili ya uhai kutoka chini, shimo litajazwa saruji. Watu hawana haya hata kidogo.

Mmoja tu alikuwa ametoka. Seabata alitambaa siku mbili gizani, akaibukia kwenye shimo jingine. Alipita kwa Puseletso alfajiri, wakanong'ona jikoni, kisha akavuka mpaka kurudi Lesotho kabla hajakamatwa. Wake wa wenzake walipopata habari walikuja mbio.

"Amesemaje?" Mama Thato aliuliza.

"Amesema wako pamoja wote," Puseletso alijibu, na Mama Thato akamkumbatia huku analia.

Jumanne alishinda kwenye meza ya jikoni. Alikuwa mwalimu wa ufundi shuleni, kazi hiyo aliijua. Alizichomeka pini kwenye kompyuta ndogo aliyoiazima shuleni kwanza, ndipo akaipandisha bodi juu yake na kuzilehemu, zisije zikakaa upande. Kila kiungo alikikagua kama kinang'aa, na kilichofifia alikirudia. Nyaya nyingine alizipitisha chini ya bodi, mahali jicho halifiki.

Jioni mama mkwe alipiga simu kutoka Lesotho, kama kawaida yake.

"Mlete mwanangu nyumbani, mwanangu."

"Nitamleta, mama."

Alirudi kwenye lehemu, akajiunguza kidole. Usingizi ulikuwa umemhama siku nyingi, na kila akifumba macho alichokiona ni saruji inamiminwa.

Jumatano aliipeleka bodi kwenye hema la Bwana Lourens, injinia wa mgodi. Injinia alikibonyeza kitufe mara ishirini, akavuta waya huku na huku, akatafuta kasoro asiione.

"Sawa. Kitufe kitashushwa chini, bodi na taa vitabaki hapa mezani kwangu. Lakini isipowaka, mama, usije ukanilaumu."

"Sitakulaumu."

Kikashushwa, kimefungwa kwenye jiwe. Alhamisi nzima wanawake walikaa wameikodolea macho taa ile. Haikuwaka.

"Labda waya umekatika," Mama Thato alisema.

"Haujakatika."

"Wee Puseletso! Una moyo gani wewe? Hata chozi?"

Ijumaa malori ya saruji yalikuja mapema, yakawa yananguruma pale pale mbele ya waandishi wa habari. Saa nne asubuhi taa iliwaka mara tatu. Ikatulia. Ikawaka tena mara tatu.

"Wako hai! Jamani, wako hai!"

Vigelegele vilisikika hadi barabara kuu. Bwana Lourens aligeuka mwekundu, akazitazama kamera, akaona hana pa kukimbilia. Aliyarudisha malori na kuagiza kizimba cha uokoaji. Walioshuka nacho walikuwa vijana wawili waliojitolea, wote wana ndugu zao mle chini, na waliapa hawatapanda bila wao.

Puseletso hakupiga kigelegele. Alikaa chini, blanketi la mumewe mapajani, akalia kimya kimya, na watu wakasema furaha imemzidi. Kando yake Mama Thato alikuwa anakoroga uji mwepesi kwa ajili ya Baba Thato, maana tumbo lililokaa na njaa halipewi kigumu. Kila alipousikia mwiko ule ukigonga sufuria, Puseletso aliona aibu, akageuza uso pembeni.

Saa tisa kizimba kilianza kupanda na kushuka. Wa kwanza alitolewa amefunikwa. Wa pili hivyo hivyo. Wa nne alikuwa Motlatsi. Hadi kufika wa kumi na moja, Mama Thato alikuwa amelala chini, wanawake watatu wanamshika.

Bwana Lourens alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Daktari anasema wana wiki tatu hawa tangu wafe! Wiki tatu! Sasa nani alikuwa anabonyeza?"

"Hakuna mtu. Ni kisaa nilichokificha chini ya bodi," Puseletso alisema. "Seabata aliniambia siku ile ile kwamba wamekufa wote. Ningekuja kukwambia hivyo, Bwana Lourens, ungewashukia?"