Cha Chuma au cha Kauri

Uliangalia pembeni. Faldiela alipocheka hapa kwenye benchi la kliniki ya meno, likaonekana lile pengo la meno ya mbele ambayo vijana wa Cape Flats, mitaa ya pembeni mwa Cape Town, huyang'oa kwa urembo, ukajifanya unasoma simu. Basi sasa mtazame, mlango uko wazi.

Amelala kwenye kiti, mdomo umekufa ganzi. Daktari ameshika kipandikizi, skrubu ya chuma itakayokazwa ndani ya taya ili ibebe jino jipya. Ndewe za masikio ya Faldiela zimejaa makovu, maana kila hereni ya chuma aliyowahi kuvaa ilimtungisha usaha.

Nyuma ya pazia, daktari wa pili anambembeleza mgonjwa wake: "Tukuwekee cha chuma, madam, au cha kauri? Cha kauri ni cheupe, hakina chuma kabisa."

Faldiela anamdaka daktari wake mkono. "Kumbe vya kauri vipo?"

"Vipo, anti. Ila hiki mwili hukikataa mara chache sana."

"Hiyo mara chache ndiyo mimi! Nilikuonyesha masikio yangu, ukacheka. Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani watu wa kwenu..."

"Malizia, mwanangu. Watu wa kwetu tuna nini?"

Mate yanamchuruzika kidevuni, hayasikii. Skrubu bado iko juu ya mdomo wake.

"Ganzi inaisha, anti. Fungua mdomo."

Wewe ndiye unayefuata kwenye kiti kile. Inuka hapo, ingia, mwambie daktari aiweke skrubu chini.