Chaki Kwenye Mkebe

Mwalimu Lukonge wa Kiswahili alipapasa boksi la chaki akakuta vumbi tupu. Chaki zote alikuwa amezimaliza kwa kuwarushia wanafunzi.

"Nani kaiba?" alifoka. "Bila chaki hakuna jaribio, na bila jaribio nyote mnarudia darasa la sita. Mnanisikia, vichwa maji nyie?"

Tausi akanyoosha kidole. "Mwalimu, zipo."

"Zipo ndiyo nini? Jibu kwa sentensi kamili!"

"Chaki zipo, Mwalimu."

"Fungua mdomo! Unaongea kama umebugia viazi. Ziko wapi? Zimefikaje huko?"

Tausi akatoa mkebe wa mafuta ya kujipaka, akaufungua. Vipande vya chaki vilijaa mpaka juu.

"Chaki ulizonirushia mwaka huu, Mwalimu, ninazo mimi, kila iliyonipiga niliiokota nikaiweka humu," alisema kwa sauti iliyofika darasa la jirani. "Hii ni ya siku niliyopiga chafya."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo haraka.

"Sasa unanitolea macho ya nini? Rusha hapa, usinipotezee muda!"

Tausi akarusha. Chaki ikamgonga mwalimu katikati ya paji la uso, ikavunjikavunjika, ikamwachia doa jeupe. Darasa zima likainamia madawati.

Mwalimu hakujifuta. Alimtazama Tausi, kisha akanyoosha mkono.

"Hiyo imevunjika. Lete nyingine."

Tausi akainamia mkebe, akaanza kuchambua taratibu, akiipima kila moja kwenye kiganja.