Hotuba Dhidi ya Jiko Langu

Kabla hakujapambazuka nilisikia mlango wa jiko la chuma ukilia, kisha mjukuu wangu Orla, aliyekuja kulala kwangu, akinong'ona.

"Waheshimiwa, Ulaya nzima ipige marufuku kuchoma udongo wa kinamasi."

Udongo huo ndio kuni zetu. Kila kiangazi tunauchimba na kuukausha, kama alivyofanya marehemu babu yake.

Aliponiona mlangoni akaficha karatasi mgongoni.

"Bibi, sikuchagua mimi. Bunge la wanafunzi, linaloigiza lile la Ulaya, ndilo lililonipangia upande huu wa mjadala. Leo nazungumza mjini Dublin."

"Ndiyo maana jana hukula?"

"Niliogopa utaona nimekugeuka."

Nikatazama mikono yake. Ilikuwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kucha. Alikuwa ameniwashia jiko kwanza, ili nikiamka nikute joto.

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Haya, soma tena. Na upaze sauti, mama, hao waheshimiwa wako si panya."

Akacheka, akaitoa karatasi mgongoni.

"Je, nikishinda, Bibi?"

"Utaninunulia koti zito. Ila Jumamosi uje tena unisimulie, hata kama umeshinda."