Ngiri na Amri ya Kupita Bondeni

Zamani, wanyama walipokuwa wakihama kwa vikosi kutafuta maji, Ngiri alikuwa mkuu wa kikosi kimoja. Alikuwa jasiri, lakini hakupenda kuulizwa maswali. Siku moja aliamuru wote wapite bondeni.

"Mkuu, nasikia harufu ya moshi huko," alisema Digidigi, aliyejulikana kwa woga wake.

"Amri yangu haijadiliwi," alijibu Ngiri. "Twendeni!"

Wote wakamfuata, isipokuwa Digidigi, aliyebaki kilimani. Walipofika katikati ya bonde, moto uliwazunguka. Moshi ulikuwa mzito hata Ngiri hakujua tena walikotokea. Ndipo walipomsikia Digidigi akipiga mluzi bila kukoma, upande ambao moto ulikuwa haujafika. Wakaifuata sauti ile mpaka wakatoka wote. Ngiri alitoka wa mwisho, ncha ya mkia wake imeungua.

Asubuhi Digidigi aliitwa mbele ya kikosi. Alijua ataadhibiwa kwa kuasi amri.

Ngiri akapiga magoti mbele yake. "Jana nilikosea, na kosa langu lingetuua sote. Ahsante kwa kutonitii. Nisamehe kwa kukudharau."

Mama Nungunungu, mmoja wa waliookoka motoni, aliyekuwa amewakumbatia wanawe wanne, alibubujikwa na machozi ya furaha.

"Sasa niambie, ndugu yangu," Ngiri akauliza, "leo tupite wapi?"

"Bado sijui, Mkuu. Tunuse kwanza."

Ngiri akainua pua yake, na kikosi kizima kikafanya vivyo hivyo.