Chupa Yenye Joto

Bi Msimu hakumwamini yule msichana tangu alipopiga hodi na kisanduku chake cha barafu. Alisema anaitwa Tunu, mwanafunzi wa chuo, anachunguza kama maji ya visima ndiyo yanayowaharisha watoto wa mtaa.

"Nani kakutuma? Kisima hiki ni sadaka ya marehemu mume wangu. Mtaa mzima unakunywa hapa."

"Sijatumwa na mtu, bibi. Naomba chupa moja nikapime. Yakiwa mabaya, tutatia dawa."

Wanawake waliopanga foleni uani na ndoo zao wakamkata jicho mgeni.

Bi Msimu akaipokonya chupa. "Nitajaza mwenyewe. Kamba yangu haishikwi na nisiyemjua." Akapita nayo jikoni, akarudi imejaa.

Tunu alipoishika akashtuka. Ilikuwa na joto, na maji yalinuka moshi.

"Bibi, haya mbona yamechemshwa?"

"Ndiyo hayo hayo tunayokunywa humu ndani siku zote!" aling'aka Bi Msimu.

Foleni nzima ikageuka. Mama wa mbele, mtoto mgongoni, akaitazama ndoo yake iliyojaa, kisha sufuria iliyokuwa ikifuka mvuke jikoni. Akaitua ndoo chini polepole, macho yasibanduke mlangoni.